Kontena la Hilaria na Mgomba wa Dirishani

Siku kontena la Hilaria lilipopandishwa Kilema, watu waliacha kuchuma kahawa wakaja kuangalia. Roli la winchi lilikuwa limekwama kwenye kona ya chini ya kanisa, na lile sanduku la chuma limekaa mgongoni mwake kama bibi harusi aliyegoma kushuka. Hilaria mwenyewe alikuwa ametangulia mbele na panga, anakata matawi yaliyoziba njia huku akiomba radhi nyumba hadi nyumba. "Samahani mama, ni tawi moja tu." "Shikamoo baba, tunapita." Nilimwambia, "Wifi, wenzako wakirudi kutoka mjini wanaleta sukari na mchele. Wewe umetuletea meli?" Alicheka mpaka akaketi chini barabarani, na dereva akapiga honi kumwambia ainuke.

Namwita wifi kwa sababu mume wangu ni wa ukoo wao. Mimi ni Mlutheri wa Marangu niliyeolewa kwa Wakatoliki wa Kilema, na mpaka leo wakiniona kanisani kwao wananiangalia nitapiga magoti saa ngapi. Huku wananiita Mama Kindness, kwa jina la binti yangu wa kwanza. Kihamba chetu, yaani shamba la nyumbani lenye migomba na kahawa, kimepakana na kihamba cha marehemu mzee Kornel, baba yake Hilaria. Katikati kuna mfereji na mstari tu wa masale, ile mimea tunayowekea mipaka, kwa hiyo mambo ya nyumba ile nayasikia bila kutega sikio. Wakinong'ona, natega.

Hilaria aliteremka Moshi akiwa msichana, akajifunza kupiga chapa, akaajiriwa kuwa katibu muhtasi kwenye kampuni moja ya kusafirisha mizigo. Aliolewa huko mjini. Hakupata mtoto, mume akaoa mwingine, naye akafunga nguo zake akaondoka bila kuvunja hata sahani, jambo ambalo mimi nisingeliweza. Akabaki na kazi yake. Kisha kampuni nayo ikafa. Mwenye mali hakuwa na cha kuwapa wafanyakazi, akawaambia wagawane vitu vya ofisini. Mmoja akachukua viti, mwingine jokofu, wa tatu akabeba mpaka mapazia. Hilaria ni mpole, alisubiri wenzake wachague, na alipogeuka kilichobaki ni kontena la futi ishirini lililokuwa uani, walimokuwa wanatupia mafaili ya zamani na matairi yaliyokwisha.

Kila mtu alimwambia auze kwa watu wa vyuma chakavu. Yeye akaenda Kiboriloni kwa fundi Sifael, mchomeleaji, ambaye amegeuza makontena mengi kuwa maduka, saluni na vibanda vya chipsi. Akamwambia, "Mimi nataka ofisi." Sifael hupenda kusimulia siku ile. Alimwonyesha mahali dirisha litakapokaa, upande wa barabara, wateja waone kinachofanyika ndani. Hilaria akakataa. Mlango uwe barabarani, sawa, lakini dirisha kubwa liwe upande wa nyuma.

"Mama, nyuma kuna nini?"

"Kuna migomba."

"Wateja hawaji kwa ajili ya migomba."

"Wateja wataniona nikishafungua mlango. Mimi nataka nikiinua kichwa nione nyumbani."

Basi fundi akakata chuma alivyotakiwa. Alisaga kutu, akapaka rangi ya kijani, akapigilia mbao ndani na kuziba katikati ili wakati wa baridi chuma kisitoe maji yakadondokea karatasi, akaweka na bati la pili juu likiwa na nafasi ya kupitisha hewa. Kazi ilikuwa safi. Nimeingia ofisi za serikali zisizofikia nusu yake.

Sasa kulikuwa na suala la mahali pa kuliweka, na hapo ndipo penye mambo yetu. Kwa desturi kihamba kinabaki kwa mtoto wa mwisho wa kiume. Kwa mzee Kornel mwana huyo ni Julius, mziwanda, aliyeachiwa nyumba, ng'ombe na wazazi wa kuzika. Binti anategemewa kupata kwake huko anakoolewa. Akirudi, anapewa chumba, anapewa sahani, hapewi ardhi. Anaweza kuazimwa kipande alime maharage au mboga, vitu vinavyokomaa na kuisha. Lakini mgomba hapandi, wala kahawa, wala hajengi msingi. Anayepanda mgomba anasema pale ni pake, na kila mtu huku anaelewa hivyo hata kama aliyepanda hajafungua mdomo.

Julius si mtu mbaya, niseme mapema. Alimpa dada yake pembe ya kihamba iliyo barabarani, akamwita mume wangu awe shahidi, na maneno yake yalikuwa wazi. "Dada, weka ofisi yako. Ila usijenge msingi, na usipande kitu cha kudumu." Hilaria akakubali pale pale. Sifael alitaka kumwaga zege kwenye pembe nne ili kontena lisizame masika. Hilaria akamwambia hapana, zege ni msingi. Wakaliweka juu ya mawe.

Siku zile alifurahi kwelikweli. Alijifunga kanga kiunoni akaosha sakafu, akapanga meza, kompyuta, mashine ya fotokopi, na benchi la wateja ambalo kwa kweli lilikuwa langu, maana nililikalia kuliko mteja yeyote. Nje akaandika kwa rangi nyeupe: KUCHAPA, FOTOKOPI, PICHA, MAOMBI YA VYUO, MISIBA. Nikamuuliza, misiba nayo inauzwa? Akaniambia ngoja utaona.

Na kweli niliona. Huku kwetu mtu akifa hatuzikani kimyakimya. Kuna ratiba ya mazishi, kuna picha ya marehemu, kuna wasifu wake utakaosomwa mbele ya watu waliotoka Dar na Arusha na magari yao. Zamani ilibidi mtu ateremke mpaka Himo au Moshi kuchapisha, naye ana msiba mgongoni. Sasa wanakwenda kwa Hilaria. Anawasikiliza, anawapa maji ya kunywa, anawaacha walie kwanza, kisha anauliza, "Alizaliwa lini?" Alikuwa na maneno yake ya kumalizia, ambayo kila familia iliyataka hivyo hivyo: "Marehemu atapumzishwa nyumbani kwake, Kilema." Alikuwa ameyaandika mara nyingi kiasi kwamba vidole viliyaandika vyenyewe huku akizungumza nami habari za bei ya sabuni.

Mtu mwingine aliyependa ofisi ile ni shangazi Martha, dada wa mzee Kornel. Naye aliwahi kuolewa na kurudi, miaka ambayo mimi hata sijazaliwa. Aliishi kwenye kijumba nyuma ya zizi la ng'ombe, akakata majani, akakama maziwa, akawabeba watoto wa kaka yake mgongoni mmoja baada ya mwingine, Julius akiwa wa mwisho. Kila asubuhi alikuja na kigoda chake, akaketi mlangoni kwa Hilaria kuota jua, na wateja wote wakamwamkia shikamoo kabla ya kuingia. Alikuwa mzito wa masikio lakini macho yake yalikuwa mazima.

Sasa mgomba wa dirishani ulianza hivi. Mzee mmoja wa vijiji vya juu alimletea Hilaria mche wa mshare, ile ndizi nzuri ya kupikia supu ya mtori, kwa sababu alimsaidia mjukuu wake kuomba chuo mpaka akapata. Aliuleta umefungwa kwenye gunia, na udongo wake. Hilaria alikusudia kumpa Doris, mke wa Julius. Lakini Doris siku hiyo alikuwa sokoni, mche ulikuwa umeanza kulegea, kwa hiyo akachimba kidogo nyuma ya kontena, chini ya lile dirisha kubwa, akauchomeka ili usikauke. Usiku huo masika yakaanza. Kesho yake kulikuwa na tope, keshokutwa kulikuwa na msiba wa kuchapa, na wiki mbili baadaye mche ulikuwa umefungua jani jipya.

Mimi niliuona. Nilikaa kwenye benchi langu nikauona kupitia dirishani, jani changa limesimama wima kama mshumaa, na nikamwangalia Hilaria, naye akaangalia kompyuta. Sikuuliza. Ni mara chache katika maisha yangu nimeona jambo nisiliulize.

Shangazi Martha naye aliuona. Alizunguka nyuma ya kontena taratibu na fimbo yake, akasimama pale, akaligusa lile jani. Aliporudi kwenye kigoda chake alimwambia Hilaria, "Mimi sikuthubutu." Hilaria akamletea chai.

Julius alichelewa kujua kwa sababu hakuwa na shida ya kuja nyuma ya kontena. Siku moja mwezi wa sita aliingia kuchaji simu. Akasimama katikati ya ofisi, akaangalia dirishani. Mgomba ulikuwa umefika usawa wa kioo.

"Dada, ule ni nini?"

"Upi?"

"Ule pale."

"Ni mgomba."

"Naona kuwa ni mgomba. Nani ameupanda?"

"Sikuupanda, Julius. Niliuhifadhi tu. Ulikuwa wa Doris, mvua ikaja, nikajisahau."

Julius alitoka, akazunguka nyuma, tukamwona dirishani ameinama. Alichota kitu kwenye shina akakipondaponda kwa vidole. Akarudi mlangoni.

"Ulijisahau," alisema. "Na samadi je, nani kaiweka?"

Hilaria aliinamisha kichwa. Mimi nilitamani ardhi ipasuke initoe kwenye benchi lile, kwa sababu ilikuwa kweli. Samadi aliitoa zizini kwa ndoo, asubuhi kabla watu hawajaamka, na aliyemwonyesha mahali ilipokauka vizuri ni shangazi Martha. Julius hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali apige, tungepata la kumjibu. Alisema, "Tulikubaliana, dada," akaondoka bila simu yake.

Kesho yake Hilaria alichukua panga mwenyewe akaukata. Niliona anavyofanya na nikajua hautakufa. Aliukata juu ya udongo, kwa upole, kama mtu anayekata kitovu. Mtoto wa miaka mitano wa huku anajua kuwa mgomba ukitaka ufe unauchimba mpaka kisiki chake kitoke. Ukikata juu juu, baada ya wiki unasukuma tena kutoka katikati. Hilaria ni mtoto wa Kilema, amezaliwa katikati ya migomba. Kwa hiyo ulipochipua tena, sikushangaa, na Julius ndiye aliyeshangaa kuliko wote, kwa sababu aliona kuwa dada yake amemdanganya kwa panga.

Akaja jioni, akasimama nje ya kontena. Akasema mbele ya mume wangu, yule yule shahidi, kwamba kahawa ikishachumwa, kontena liondoke.

Nilichemka. Nilivuka mfereji nikamfuata Julius mpaka zizini, nikamwambia maneno ambayo sitayarudia hapa. Nilimuuliza kama mgomba mmoja utamfukarisha. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi, kisha akaweka chini ndoo ya maziwa.

"Shemeji, nina vijana watatu. Ukikigawa hiki kihamba mara tatu, kila mmoja atapata mahali pa nyumba na migomba michache. Baba alipokuwa anakufa alinishika mkono hapa, akaniambia usitoe hata upana wa unyayo. Nikitoa kwa dada leo, kesho wanangu watasema baba yetu alikuwa mdhaifu. Unafikiri napenda?"

Nilirudi nyumbani nikapika ndizi zikaungua.

Hilaria hakubishana hata kidogo. Alimpigia fundi Sifael. Sifael akamwambia kando ya karakana yake kule Kiboriloni kuna nafasi, sokoni, watu wengi, biashara itakuwa nzuri kuliko Kilema. Labda ilikuwa kweli. Ila kila Hilaria alipotuambia habari za Kiboriloni alizisema kama mtu anayesoma tangazo la mtu mwingine. Nilimuuliza siku moja, wifi, kinachokuuma ni kontena au ni nini? Akaniambia, "Kontena lina magurudumu ya roli, litakwenda popote. Mimi nilitaka pawepo mahali ambapo mtu akisema kwa Hilaria, aonyeshe kwa kidole." Alilisema hilo huku anapanga karatasi, na mimi nikajifanya naangalia nje.

Kahawa ilikuwa inaelekea mwisho shangazi Martha alipofariki. Alilala mchana baada ya chakula na hakuamka. Doris ndiye aliyemkuta. Julius alilia kwa sauti pale uani, mwanaume mzima, tukamsikia mpaka ng'ambo ya mfereji.

Siku ya pili ya msiba alikuja kontenani. Hakuwa ameingia tangu aliposahau simu yake. Alivua kofia, akakaa kwenye kiti cha wateja mbele ya meza ya dada yake. Mimi nilikuwa kwenye benchi. Adabu ilinitaka nitoke, nikabaki.

"Nimekuja kwa wasifu wa shangazi," alisema.

"Sema, naandika."

Akaanza. Alizaliwa Kilema, akabatizwa, akapata kipaimara. Aliolewa. Hapo akakwama. Hilaria akasema, "Alirudi nyumbani mwaka gani?"

"Usiandike alirudi."

"Niandike nini?"

Julius akafikiri. "Andika aliishi na familia ya kaka yake, akawalea watoto. Andika alinibeba mimi. Nilikuwa mdogo, mgonjwa, alinibeba mgongoni mpaka hospitali ya misheni kwa miguu, mvua inanyesha. Hilo liandike."

Vidole vya Hilaria vilienda. Niliona machozi yanamshuka lakini vidole havikusimama. Julius aliendelea, habari za ng'ombe aliowakama, habari za jumuiya yake ya kanisa, na alipofika mwisho akasema yale yale yanayosemwa na kila anayekuja pale: "Atapumzishwa nyumbani kwake, Kilema."

Vidole vikasimama.

"Kwake wapi?" Hilaria aliuliza. Hakuuliza kwa ukali. Ilikuwa sauti yake ya kazi, ile anayomuulizia mtu tarehe ya kuzaliwa.

Julius akatazama dirishani. Kwenye kisiki cha ule mgomba lilikuwa limesimama jani, kubwa tayari, linatikisika.

"Pale nyuma ya zizi," alisema.

"Pale ni kwenye zizi lako, Julius. Niandike ni kwake?"

Julius aliiweka kofia kando yake kitini. Nilisikia mashine ya fotokopi inavyonguruma peke yake. "Andika," alisema mwishowe, "atapumzishwa nyumbani kwa marehemu kaka yake."

Hilaria akaandika hivyo. Akamsomea, akachapa, karatasi zikatoka moja moja zikiwa na joto, na picha ya shangazi Martha juu, ameketi kwenye kigoda chake mbele ya mlango wa kijani. Alizipanga, akazigonga mezani zilingane, akamkabidhi kaka yake kwa mikono miwili. Ndipo akamwuliza, bila kumtazama usoni, "Na siku yangu mimi, mdogo wangu, utamwambia nani aandike nini?"

Julius alichukua zile karatasi akatoka. Kofia yake ilibaki kwenye kiti. Mimi nililia pale kwenye benchi bila aibu, kwa ajili ya Martha, na kwa ajili ya Hilaria, na kidogo kwa ajili ya Julius pia, ambaye nilikuwa nimeapa sitamhurumia.

Mazishi yalijaa. Wasifu ulisomwa kwa kipaza sauti, na lilipofika neno la mwisho, nyumbani kwa marehemu kaka yake, wanawake wa jumuiya ya Martha walitazamana. Mama mmoja karibu yangu akauliza kwa sauti ya chini, "Miaka yote hiyo, kumbe alikuwa mgeni?" Hakumwuliza mtu yeyote hasa. Lakini Julius alikuwa amesimama mbele yetu ameshika koleo, na niliona mgongo wake ulivyokaza. Walimzika nyuma ya zizi, mahali pakavu, bila mgomba hata mmoja wa kumtilia kivuli.

Roli la winchi lilikuja wiki iliyofuata. Sifael aliliacha barabarani akateremka na minyororo yake, uso umemshuka, maana kazi ya mikono yake ilikuwa inahamishwa na yeye mwenyewe ndiye mhamishaji. Ndani Hilaria alikuwa amefunga mashine kwenye mablanketi. Benchi langu lilikuwa limegeuzwa miguu juu. Nilizunguka nyuma nikakuta jambo lililonikata maini. Alikuwa ameuchimba ule mgomba, safari hii kwa jembe, mpaka kisiki chake chote kikatoka, na mizizi. Ulikuwa umelala ubavuni, na shimo liko wazi.

"Sitaki kumwachia deni la kung'oa," aliniambia.

Tukiwa bado tumesimama pale, Julius akatokea kutoka ndani ya migomba. Alikuwa na jembe mkononi na begani amebeba mche, mwembamba, shina lake limefungwa kwa majani makavu ili udongo usimwagike. Doris alimfuata nyuma na ndoo ya samadi kichwani. Fundi Sifael alishika mnyororo asijue aweke wapi. Mimi nilijua ule mche umetoka wapi, kwa sababu pale kwao mshare mzuri kama ule uko mahali pamoja tu, kando ya kaburi la mzee Kornel.

Julius hakusalimia mtu. Alitazama kisiki kilichong'olewa, akatazama shimo. Akashuka, akalipanua kwa jembe, akalichimba chini zaidi, jasho linamtoka. Akamwonyesha Doris amwage samadi, akaichanganya na udongo. Akafungua yale majani makavu. Nilidhani atauweka mche shimoni, na Hilaria naye nadhani alidhani hivyo, maana alirudi nyuma hatua kumpisha. Lakini Julius alinyoosha mikono akamwelekezea ule mche dada yake.

"Shika wewe," alisema. "Nikiupanda mimi, utakuwa wangu."

Hilaria hakushika. Alimwangalia. "Julius, na watoto?"

"Watoto nimewaambia. Shika, mbele ya Mama Kindness na fundi. Shahidi mwingine nitampata wapi saa hizi?"

"Na baba?"

Julius akafuta uso kwa mkono wenye udongo. "Baba hakubebwa na Martha mpaka misheni," alisema. "Nilibebwa mimi."

Hilaria akaupokea. Akapiga magoti kwenye udongo na sketi yake ya kazini, akausimamisha mche, akavuta udongo kwa mikono miwili, akauzungushia. Kisha akainuka akaanza kushindilia kwa mguu. Alishindilia upande huu, akazunguka, akashindilia upande ule, analia sasa waziwazi, akarudia kule alikoanza, akashindilia tena, mpaka kiatu kimoja kikamvuka kikabaki kwenye tope, naye hakuona.

"Dada," Julius akamwambia, "inatosha. Hauondoki tena."